Balagizi na Kahawa ya Kopo

Ukitaka kumjua Balagizi usimtafute kanisani, maana kule hukaa kiti cha nyuma na huondoka kabla matangazo hayajaisha. Mtafute Granville, kitongoji cha Sydney, kwenye ghala la vyakula vya Asia lililo karibu na reli, wakati wa mapumziko ya asubuhi. Utamkuta ameketi juu ya paleti tupu kwenye mlango mkubwa wa kupakilia, pale jua linapofika, ameshika kopo dogo la kahawa kwa mikono miwili. Halifungui upesi. Atalizungusha, ataligusisha shavuni, ataitazama treni ya Parramatta ikipita, kisha ndipo utasikia mlio mdogo wa kifuniko. Wenzake hunywa vinywaji vyao huku macho yakiwa kwenye simu. Yeye anakunywa kahawa, na hana shughuli nyingine.

Watu wa namna hii siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Balagizi ni mfupi, mpana wa mabega, mvi zimeanza masikioni zikapanda juu. Watu humwona mpole wakadhani hana maneno. Maneno anayo, ila kila neno analipima kwanza, na mengi huyaona hayafai akayarudisha ndani.

Hii kahawa ya kopo inatoka Japani. Makasha yake hufika ghalani yamepangwa kwa unadhifu wa ajabu, na Balagizi ndiye anayeyashusha na kuyapeleka kwenye rafu. Kopo likibonyea haliuzwi tena dukani. Huwekwa kwenye sanduku la chumba cha chai, na mfanyakazi anayetaka huchukua. Wengi hawayataki. Balagizi alichukua moja, siku ya kwanza kabisa ya kazi, kwa sababu hakupenda kitu kitupwe. Akaonja, akalitazama kopo, akaonja tena.

Sasa sikiliza kichekesho cha dunia hii. Baba yake Balagizi alikuwa na shamba la kahawa kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, Kongo. Mtoto huyu alikua akichuma kahawa, akiikoboa, akiiosha, akiianika kwenye mikeka na kuikimbilia mvua inapotisha. Vidole vyake vilinuka kahawa hata siku ya Krismasi. Lakini nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyejua kahawa ina ladha gani. Kahawa ilikuwa kitu cha kuuza. Wenyewe walikunywa chai ya mchaichai. Akavuka mipaka, akaishi kambini Uganda miaka mingi, akaletwa Australia akiwa na mvi, na kahawa akaja kuionja Granville, kutoka kwenye kopo la Kijapani lililobonyea ubavuni.

Alilipenda kopo lenyewe kabla hajaipenda kahawa. Lilikuwa dogo, la chuma kizuri, limechorwa mlima, na lilikaa kiganjani kama limepimwa pale. Alimwambia Nibigira, mama wa Kirundi anayefanya naye kazi, kwamba mtu aliyetengeneza kopo hili aliufikiria kwanza mkono wa mtu mwingine. Nibigira akacheka mpaka akashika rafu.

"Papa Balagizi, wewe utakufa Mjapani," alisema. "Ni kopo tu."

"Ni kopo," alikubali Balagizi. "Lakini angalia vile limefungwa muzuri."

Neno hilo la kufungwa halikumtoka bure. Kwao Kivu kinywaji kina sheria zake. Mgeni akija humpelekei glasi iliyokwisha kumiminwa jikoni. Unamletea chupa imefungwa, unaifungua mbele ya macho yake, na kama ni kinywaji cha nyumbani, mwenye nyumba anaonja wa kwanza. Watu kule wanaogopa sumu. Wanaiogopa kuliko risasi, kwa sababu risasi ina mlio, na sumu huja na mkono unaoufahamu. Basi kumfungulia mgeni kinywaji mbele yake ni heshima, na kuonja kabla yake ni heshima kubwa zaidi. Balagizi alilelewa hivyo, na hakuwahi kuona ubaya wake mpaka sheria hiyo ilipomgeukia mwenyewe.

Mkewe, Yvette, alifia kambini. Alikuwa na homa; Balagizi akapika uji, akauleta kwenye kikombe, akamwinua kichwa, akamnywesha mpaka ukaisha. Kabla jua halijazama Yvette alikuwa amekwenda. Daktari wa kambi alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Lakini ndugu yake Yvette, Bisimwa, alikuwa ameketi pale kwenye jerikeni, na alikiona kile kikombe. Wenye midomo nao walikuwepo, na midomo haina likizo.

Bisimwa hakusema neno. Hakusema wakati ule, wala walipofika Sydney kwa ndege mbili tofauti wakakutana tena wakikumbatiana. Aliacha tu kunywa kwa Balagizi. Huyu Bisimwa ni jitu la mtu, kazi yake ni kuwahamishia watu vyombo, na anabeba friji mgongoni peke yake ngazi tatu. Moyo wake ni mwema kweli. Ndiye aliyemfundisha Ange, binti wa Yvette na Balagizi, kuendesha gari. Ndiye aliyempandishia Balagizi kitanda na kabati. Humtembelea shemeji yake mara kwa mara baada ya kanisa, anaketi, anapiga soga, anacheka. Lakini huja na chupa yake ya maji. Balagizi humwekea soda mezani, haijafunguliwa, na Bisimwa hushukuru na kusema tumbo halitaki leo. Miaka yote hiyo tumbo linakataa ndani ya nyumba ile tu. Kwenye harusi za watu tumbo hilohilo limeonekana likipokea sahani tatu.

Na utajiteteaje kwa shtaka ambalo halijasemwa? Ukisema, "Sikumuua dada yako," utakuwa umelitamka wewe wa kwanza. Balagizi alilimeza. Aliizoea ile chupa ya maji mezani kwake kama unavyozoea kiatu kinachobana. Kiliendelea kubana, lakini alitembea nacho.

Halafu Ange akapata mchumba.

Ange anafanya kazi kwenye makao ya wazee huko Liverpool, hapohapo Sydney, na mchumba ni Juvénal, kijana wa Kirundi mwenye adabu zake. Siku moja mwezi wa sita Ange alimpigia baba yake simu akiwa njiani.

"Papa, familia ya Juvénal wanakuja Saturday ya kwanza ya mwezi wa nane. It's confirmed," alisema. "Tonton Bisimwa is doing the drink, yeah?"

"Ni yeye. Ni mjomba wako. Hakuna mwingine."

"Good. Mwambie avae suti, please. Not the tracksuit."

Kinywaji alichokitaja Ange ndicho roho ya shughuli nzima. Kwa desturi yao, wageni wa mahari wakishaketi, baba wa binti hufungua kinywaji, anaonja, anampa mjomba wa binti kwa mikono yake. Mjomba akinywa, ndipo anasimama na kuwaambia wageni kwamba mtoto huyu ana watu pande mbili na pande zote zimekubali. Asipokunywa, hakuna mazungumzo. Watu watatazamana, mmoja atauliza kwa nini, na mwingine atajibu. Kile kikombe cha kambini kitaletwa mezani siku ya furaha ya Ange, mbele ya wakwe zake. Na Ange hajui chochote. Alikuwa mdogo mno.

Jumapili iliyofuata Balagizi alimfikishia shemeji yake ujumbe wa suti, kwa utani, kama jambo dogo. Bisimwa aliizungusha chupa yake ya maji mezani.

"Tutaona, shemeji," alisema.

Tangu siku hiyo Balagizi hakulala vizuri. Hata kopo lake la asubuhi alilinywa akili ikiwa mbali.

Wiki chache baadaye, akirudi kutoka kazini, alipita mbele ya maktaba ya mtaa na kuona tangazo kwenye kioo. Lilikuwa na picha ya mama wa makamo, amevaa kofia ya sufu, mgongo wake umeelekea bahari yenye theluji. Mkononi ameshika kopo. Balagizi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Lilikuwa kopo lake, au ndugu yake wa karibu. Chini iliandikwa kwamba filamu itaonyeshwa bure Jumamosi mbili mfululizo, alasiri. Balagizi hakuwa mtu wa filamu. Za Kikongo zina kelele na za Kimarekani zina kelele zaidi. Lakini aliona kwamba kumkuta mtu wa kwenye picha akishika kile unachokishika wewe kila siku, halafu ukampita bila kumsalimu, ni utovu wa adabu. Jumamosi akaenda.

Ukumbini walikuwa watu wachache, wengi wazee wenye mabegi ya vitabu. Mwanamke wa maktaba alieleza kidogo kabla ya taa kuzimwa: kule Japani mashine za kuuza vinywaji zimesimama kila mahali, barabarani, mashambani, mpaka kwenye vijiji vya wavuvi, na mashine hiyohiyo hutoa kopo baridi na kopo la moto. Balagizi aliguna. Kopo la moto? Miaka yote hii alikuwa anakunywa baridi, tena Julai, ambayo Australia ni katikati ya majira ya baridi.

Filamu yenyewe ungeweza kuisimulia ukiwa unafunga kamba za viatu. Mama yule anaishi peke yake katika mji mdogo wa pwani. Kazi yake ni kuendesha gari dogo kutoka mashine hadi mashine, kujaza makopo, kufuta vioo, kuondoa makopo matupu. Akimaliza kila mashine anatoa sarafu yake mwenyewe, ananunua kopo moja kama mteja mwingine yeyote, anaipasha mikono, analigusisha shavuni, anakunywa akitazama bahari. Anapanda gari. Anakwenda kwenye mashine nyingine. Hakuna bunduki, hakuna mwanamume anayerudi, hakuna muziki wa kukuamuru ulie. Unasikia upepo, matairi, makopo yakigongana ndani ya mashine yanapoteremka.

Tukio kubwa la filamu ni siku ya kubadilisha. Majira ya baridi yanapofika, mama anakwenda kwenye kila mashine na kuondoa vibandiko vya buluu, vya kinywaji baridi, na kuweka vyekundu, vya moto. Ndiyo hayo tu. Lakini ameyafanya kwa mikono iliyotulia, kila kibandiko amekinyoosha kwa kidole gumba mpaka pembeni, na kamera imemngoja, haikumharakisha. Balagizi alisogea akaketi ukingoni mwa kiti. Hakuwahi kuona kazi kama yake, kazi ya kushusha na kupanga, ikitazamwa hivyo na mtu yeyote. Alijiona kama mtu aliyevalishwa suti.

Jambo lingine lilimshangaza vilevile. Mashine zile zilisimama peke yake barabarani, zina sarafu tumboni, zina vinywaji, hazina mlinzi wala mbwa. Mtu anakuja, anatumbukiza sarafu, anapokea kopo kutoka kwa mtu asiyemwona, anakunywa. Kwetu mashine hiyo ingelala usiku mmoja tu, tusidanganyane. Na hata isipoibiwa, nani angekunywa?

Karibu na mwisho ikaja ile sehemu. Katika bandari yupo mzee anayeshona nyavu, na mama wa makopo humpita kila siku. Hawasalimiani, kuna jambo la zamani kati yao, na filamu haisemi ni lipi. Siku hiyo theluji inaanguka, na vidole vya mzee vimekufa ganzi. Mama anateremka garini. Ananunua kopo la moto, anamwendea, anasimama. Anaviona vile vidole. Basi analifungua mwenyewe, mvuke unatoka, anampa. Mzee anapokea kwa mikono miwili, anakunywa. Hakuna aliyesema neno. Mama anarudi garini, na bahari inabaki ikipiga.

Watazamaji wengine waliona huruma, na waliipenda. Balagizi aliona jambo ambalo hakuna mwingine ukumbini aliyeliona. Mzee alipokea kopo lililofunguliwa na mkono wa mwenzake, tena mwenzake waliyenuniana, na hakulinusa, hakungoja mwenye kulifungua aonje. Alikunywa tu. Balagizi alilia, na hakuna haja ya kumfichia siri. Alilia kwa furaha kwamba watu wa namna hiyo wapo duniani, na kwa wivu pia. Taa zilipowashwa, bibi mmoja wa Kizungu alimpa kitambaa cha karatasi na kumwambia kwamba hata yeye amelia. Balagizi alimshukuru, akaona haya kidogo, akatoka.

Jumapili alingoja mpaka kanisa limalizike. Kwa mara ya kwanza alingoja hata matangazo.

"Shemeji," alimwambia Bisimwa kwenye maegesho, "Jumamosi iko filme kwa bibliothèque. Twende."

"Filme ya nini? Ya vita?"

"Ya kahawa."

Bisimwa alimtazama kutoka juu, kama anavyotazama kabati kabla ya kulibeba. "Ya kahawa. Shemeji, wewe uko muzima?"

"Niko muzima. Twende."

Bisimwa alikubali, na si kwa sababu ya kahawa. Katika miaka yote hiyo Balagizi hakuwahi kumwomba kitu. Mtu asiyeomba akiomba, unasimama.

Ijumaa baada ya kazi Balagizi alipanda treni hadi Cabramatta. Makopo ya ghalani hayakumfaa safari hii. Kopo lililobonyea huwezi kumpa mtu mwenye mashaka. Katika duka la mama mmoja wa Kivietinamu, katikati ya mafungu ya mboga na harufu ya samaki wakavu, alisimama mbele ya rafu akageuza kopo baada ya kopo, akitafuta mawili yasiyo na hata mkwaruzo. Mama wa duka alimwuliza kama kuna tatizo. Balagizi akasema hakuna, mama, ni ya mgeni. Yule mama alielewa mara moja, akaingia nyuma akamletea kasha jipya.

Na alikuwa amekata shauri. Atampa Bisimwa kopo limefungwa, na hatasema kitu. Bisimwa akiliacha kwenye benchi kama anavyoziacha zile soda, basi jioni hiyohiyo atakwenda Liverpool kumweleza Ange yote, kikombe na uji na chupa ya maji, kabla dunia haijamweleza. Alifanya mazoezi ya maneno hayo kichwani. Kila alipofika kwenye jina la Yvette alikwama.

Jumamosi waliketi safu ya nyuma, kwa sababu Bisimwa humzibia mtu yeyote aliye nyuma yake. Mwanzoni alikuwa mtihani.

"Huyu mama, bwana yake iko wapi?" alinong'ona kwa sauti ya mtu anayeita teksi.

"Sijui. Angalia."

"Bandit banakuja saa ngapi?"

"Hawaji."

"Hawaji kabisa? Sasa ile filme itaisha namna gani?"

Yule bibi wa kitambaa, aliyerudi kuitazama mara ya pili, aligeuka. Bisimwa akajikunja kwenye kiti, na kiti kikalia. Baada ya muda pumzi zake zikawa nzito, na Balagizi akajua amelala. Hakumlaumu, mtu huyo alikuwa amebeba piano asubuhi. Lakini moyo ulimshuka kabisa.

Ilipofika siku ya kubadilisha vibandiko, pumzi zilikuwa zimebadilika. Balagizi hakugeuka. Aliogopa kugeuka, unajua jinsi unavyoogopa kumtazama ndege aliyetua karibu. Theluji ikaanguka bandarini. Mama akanunua kopo, akalifungua, mvuke ukatoka. Kiti cha Bisimwa kililia mara moja, kikanyamaza. Safari hii Balagizi hakuitazama filamu; alitazama magoti yake mwenyewe mpaka bahari ikamaliza kupiga.

Nje upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Waliketi kwenye benchi upande wa jua. Bisimwa hakuitoa chupa yake ya maji mfukoni. Balagizi alifungua begi, akatoa chupa ya chai yenye mdomo mpana aliyoijaza maji ya moto, akatoa na koleo la jikoni, akaanza kuvua makopo humo ndani. La kwanza lilimponyoka likarudi majini. Siku nyingine Bisimwa angemcheka mpaka wapita njia wageuke. Alimtazama tu.

Balagizi alilifuta kopo kwa leso, likawa kavu na la moto. Akampa shemeji yake kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama alivyofundishwa Idjwi. Bisimwa akapokea. Kopo lilipotelea ndani ya kiganja chake. Alilishika hivyo kwa muda mrefu, akaligusisha shavuni kama mama wa filamu, pengine bila kujua.

"Yule muzee ya filet, ya nyavu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Alikunywa tu."

"Alikunywa."

"Hakuuliza kitu."

"Hakuuliza."

Treni ilipita. Bisimwa aliinamisha kichwa, akawa anaongea na kopo.

"Yvette alikuwa anasema uji yako iko na mafundo."

Tangu siku ile ya kambini Balagizi hakuwahi kulisikia neno uji kwenye kinywa cha mtu huyu. Akasema jambo la kwanza lililomjia.

"Ni kweli. Siwezi kukoroga."

"Anasema hivyo lakini anamaliza yote. Anamaliza mpaka anaramba." Bisimwa alifuta uso kwa mkono wote mzima. "Hata ile siku alimaliza. Mimi niliona. Alimaliza na akakucheka. Miaka yote nilikumbuka kikombe tu, shemeji. Kucheka nilisahau."

Halafu akalinyoosha kopo, akamrudishia.

"Nifungulie," alisema.

Mikono ya Bisimwa ilikuwa mizima. Ni mikono inayobeba friji ngazi tatu, na asubuhi ile ilikuwa imebeba piano. Balagizi aliitazama mikono hiyo, akalitazama kopo, akaingiza ukucha chini ya kifuniko. Mlio ulitoka, mvuke ukatoka nyuma yake. Na kwa mazoea ya maisha yake yote, bila kufikiri, akalipeleka kwanza kinywani mwake ili aonje.

Bisimwa alimshika kifundo cha mkono, taratibu.

"Hapana, shemeji. Usionje. Leta hivyo."

Alilichukua, akainua kichwa, akanywa mpaka kopo likawa tupu. Akalitikisa sikioni kuhakikisha. Balagizi alikuwa ameshika lake, halijafunguliwa, na haoni vizuri.

"Iko na sukari mingi," alisema Bisimwa. Akaliweka kopo tupu mfukoni mwa koti, pale penye chupa ya maji, akasimama. "Mwambie Ange nitavaa suti."